Edward Saidi Tingatinga: Mchoraji wa Rangi za Baiskeli

KIBENGA, Bujumbura — Katika orodha ya watu wa Afrika Mashariki waliojulikana duniani kwa kazi ya mikono yao, jina la marehemu Edward Saidi Tingatinga haliwezi kuachwa nje. Mtu huyu aliishi miaka ipatayo 40 tu, na katika miaka hiyo ni minne hivi ya mwisho ndiyo aliyoishika brashi ya mchoraji. Hakusoma katika chuo chochote cha sanaa, wala hakuwa na mfadhili aliyemtangulia njiani. Hata hivyo, leo jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji, na mamia ya watu hupata riziki kwa kuchora kwa mtindo alioanzisha. Alifariki mwaka 1972 mjini Dar es Salaam kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Kwa sababu hiyo ya mwisho, pamoja na zile za kwanza, maisha yake yanastahili kusomwa na kila askari wa jeshi na kila askari wa polisi.

Tuanze na jina. Neno tingatinga katika Kiswahili ni trekta, na wapo vijana wanaodhani kwamba picha hizi zimeitwa hivyo kwa sababu ya mashine. Sivyo. Tingatinga ni jina alilolirithi kwa wazazi wake, na kabla yake yalitangulia mawili mengine, Edward na Saidi, moja la Kikristo na moja la Kiislamu, kama ilivyo kawaida katika koo nyingi za kusini mwa Tanzania ambako dini hizo mbili hukaa katika nyumba moja bila ugomvi.

Alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa nchi ambayo wakati ule ikiitwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo. Huko ni nchi ya misitu mikubwa, ya tembo na chui, ya Wayao, Wamakua na Wangindo. Wapo wanaosema kwamba desturi ya watu wa huko ya kupamba kuta za nyumba kwa michoro ndiyo iliyompa mtoto Edward jicho la kwanza la uchoraji. Shule aliipata kwa miaka michache tu, kisha akarudi kwenye jembe kama watoto wengi wa rika lake.

Katika miaka ya 1950 vijana wa kusini walikuwa wakiondoka kwa makundi kwenda kutafuta kazi za mshahara. Tingatinga naye aliondoka. Alikwenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, ambako kazi ilikuwa kukata majani yenye miiba tangu alfajiri na kuyafunga mafungu kwa hesabu. Kazi hiyo haikumweka sana. Ilipokaribia kwisha miaka hiyo ya 1950 alishuka Dar es Salaam, akapokewa na jamaa zake waliomtangulia, na kupata kazi ya kutunza bustani katika nyumba ya Mwingereza mmoja.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Waingereza wengi walifungasha mizigo, na watumishi wao wakabaki bila ajira. Kwa miaka kadhaa Tingatinga aliishi kwa vibarua, leo hiki kesho kile, kama wafanyavyo maelfu ya watu mijini mwetu hata sasa. Makazi yake yalikuwa Msasani, kando ya mtaa wa Oyster Bay walikokaa wageni na maofisa. Kati ya vijumba vya Msasani na majumba ya Oyster Bay palikuwa na mwendo mfupi tu wa miguu, lakini kimaisha ulikuwa umbali mkubwa. Tingatinga alipata njia ya kuuvuka umbali huo kwa kuchora.

Hapa inatupasa tutupe jicho magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1960 picha za wachoraji wa Kongo zilikuwa zikiuzwa Dar es Salaam, na kwamba Tingatinga alizitazama, akaona wageni wanavyozinunua, akajiambia kuwa na yeye anaweza. Kongo ilikuwa na sifa hiyo kwa haki. Mwaka 1946 mjini Elisabethville, ambao sasa unaitwa Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyepata kuwa afisa wa kijeshi, alifungua karakana ya wachoraji Waafrika. Aliwapa karatasi na rangi, akawataka wasiige picha za Ulaya, kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe.

Matokeo ya mtihani ule wa pamoja yalikuwa ya ajabu. Bela aliacha brashi kabisa, akachora kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, akijaza kila nafasi kwa vinukta na alama ndogo ndogo. Mwenze Kibwanga, mwana wa mfumaji, aliweka rangi kwa mistari mifupi iliyolala pamoja kama nyuzi za nguo. Watu watatu walikaa chini ya paa moja na mwalimu mmoja, na hakuna awezaye kuichanganya picha ya huyu na ya yule. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, lakini habari ya kwamba Mwafrika aweza kuishi kwa kuuza picha ilikuwa imekwisha kuenea.

Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, naye akiwa mtu mzima wa miaka 36. Karatasi nzuri za wachoraji na rangi za bomba zilizotoka Ulaya zilikuwa ghali, na yeye hakuwa na uwezo huo. Alichukua vilivyokuwapo dukani kwa fundi. Badala ya kitambaa alitumia hadibodi, ule ubao mwembamba wa kukandamizwa ambao mafundi huuweka kwenye dari. Badala ya rangi za wasanii alitumia rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile ile inayopakwa baiskeli zilizochakaa zipate sura mpya. Msomaji wa Bujumbura haihitaji kuelezwa zaidi. Hapa Kibenga, kando ya barabara ya kwenda Rumonge, baiskeli ni chombo cha kila siku, na kila fundi anajua jinsi rangi hiyo inavyoshika chuma na kudumu katika mvua na jua.

Rangi hiyo ina tabia zake, na tabia hizo ndizo zilizoufanya mtindo kuwa kama ulivyo. Kwanza, hukauka polepole. Mchoraji hawezi kuweka rangi juu ya rangi kwa haraka, kwani zitachanganyika na kuwa matope. Kwa hiyo Tingatinga alipaka kwanza ubao wote kwa rangi moja ya chini, akauacha ukauke, ndipo akachora umbo juu yake. Pili, rangi za makopo huja chache: nyekundu, njano, buluu, kijani, nyeusi, nyeupe. Kwa hiyo aliziweka waziwazi kama zilivyo, moja kando ya nyingine, bila vivuli vingi. Tatu, hung'aa. Kwa hiyo picha yake ilionekana kutoka mbali, hata ikiwa imeegemezwa chini ya mti barabarani.

Ukubwa nao ulitokana na hesabu ya mtu asiye na cha kupoteza. Ubao wa futi 8 kwa futi 4 ukikatwa vipande vya futi 2 kwa futi 2 hutoa vipande 8 kamili, na hakuna kinachotupwa. Ndiyo maana picha nyingi za mwanzo ni za mraba, kila upande kama sentimita 60. Ndani ya mraba huo aliweka kitu kimoja kikubwa: chui mwenye madoa, tembo, ndege mwenye shingo ndefu, nyati, au watu wakicheza ngoma. Mnyama alijaza ubao mzima. Macho yake yalimtazama mnunuzi, na madoa yake yalipangwa kwa utaratibu kama mapambo ya khanga.

Kuuza kulikuwa kazi ya pili, na katika kazi hiyo alisaidiwa na mkewe, Agatha Mataka. Bibi huyu alikaa na picha nje ya Morogoro Stores, lile duka la Oyster Bay ambako wageni walifika kununua mahitaji ya nyumbani. Wanunuzi wa kwanza walikuwa wageni hao, wakiwamo watu wa nchi za Skandinavia waliokuwa wakifanya kazi za maendeleo Tanzania. Bei zilikuwa ndogo. Baadaye kampuni ya serikali iliyoshughulikia biashara ya sanaa ilianza kununua picha zake na kuziuza. Hali kadhalika Tingatinga alipata kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Mchana alikuwa hospitali, na saa zilizobaki alikuwa na makopo yake ya rangi.

Haja ya picha ilipozidi nguvu za mtu mmoja, alifanya jambo lililomtofautisha na wengi. Hakuificha siri ya kazi. Aliwaita ndugu na jamaa zake waliotoka kusini kama yeye, vijana ambao nao walikuwa wakihangaika na vibarua mjini, akawafundisha. Wanaokumbukwa kuwa wanafunzi wake wa kwanza ni watano: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata. Hao ndio waliokuwa kikosi chake.

Mafunzo yalikuwa ya vitendo. Mwanagenzi alianza kwa kukata ubao na kupaka rangi ya chini, akafuata kujaza rangi ndani ya umbo lililokwisha kuchorwa, kisha madoa na majani, na mwisho ndipo aliporuhusiwa kuchora umbo lake mwenyewe. Wote walipewa mtihani mmoja: ubao ule ule, makopo yale yale, mnyama yule yule. Mtu angedhani watu sita wakifungwa kwa masharti hayo watatoa picha moja mara sita. Haikuwa hivyo. Linda alipenda kuonyesha mambo ya watu, wagonjwa na hospitali, maisha ya kila siku. Mpata aliendelea na wanyama, lakini wa kwake wakawa na sura na mwendo wao, naye baadaye akaenda kufanya kazi yake Nairobi. Masharti yalikuwa ya pamoja, na mkono ukabaki wa kila mtu. Ni jambo lile lile lililoonekana Lubumbashi, ila safari hii mwalimu hakuwa mgeni mwenye cheo. Alikuwa mhudumu wa hospitali aliyenunua rangi kwa mshahara wake.

Ndipo ulipofika mwaka 1972. Tingatinga alikuwa ndani ya gari mjini Dar es Salaam. Polisi waliokuwa kazini waliwadhania waliokuwamo kuwa wahalifu wanaokimbia. Risasi zikafyatuliwa. Tingatinga akapigwa, akafa. Hakuwa mwizi, wala hakuwa mtoro. Alikuwa mtumishi wa hospitali, mume, baba wa watoto wadogo, na mwalimu wa vijana watano.

Makala haya hayakusudii kumhukumu askari aliyeshika bunduki ile. Kila aliyepata kulinda doria mjini anaijua hali yenyewe: gari linapita kwa mwendo, taarifa ya wizi imekwisha kutolewa, muda wa kuamua ni kufumba na kufumbua, na hofu imekaa kifuani. Lakini kwa sababu tunaijua hali hiyo, tunapaswa pia kuijua hesabu yake. Mtuhumiwa aliyetoroka leo anaweza kukamatwa kesho au mwezi ujao. Gari lina namba, mtu ana nyumba, na mji una macho. Aliyekufa kwa kudhaniwa hana kesho, na hakuna amri ya mkubwa yeyote iwezayo kumrudisha.

Baada ya miaka ile mataifa yaliandika kanuni juu ya jambo hili. Tarehe 17 Desemba 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwongozo wa maadili ya watumishi wanaosimamia sheria, unaowataka watumie nguvu pale tu inapolazimu kabisa na kwa kiasi cha wajibu wao. Mwaka 1990, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana, Kuba, zikakubaliwa kanuni za msingi juu ya matumizi ya nguvu na silaha za moto. Kwa kanuni hizo, askari hafyatui risasi kwa mtu ila kwa kujilinda au kuwalinda wengine dhidi ya hatari ya kifo au jeraha kubwa iliyo karibu, au kwa hatari nyingine nzito za namna hiyo, na hapo pia ni baada ya njia nyepesi kushindikana. Yampasa ajitambulishe na kutoa onyo lililo wazi, na kumpa mtu nafasi ya kulitii, isipokuwa kama kufanya hivyo kungehatarisha maisha. Mtu akijeruhiwa, apewe matibabu upesi na jamaa zake wajulishwe. Na kila tukio la namna hiyo liandikiwe taarifa.

Mambo haya hufundishwa darasani, na darasani huonekana kuwa maneno. Mwaka 1972 yangekuwa uhai wa mtu. Onyo la sauti moja, kusimamisha gari, taa ya tochi usoni, swali la jina na kazi, na dereva na wenzake wangerudi nyumbani usiku ule wakiwa na hadithi tu ya kusumbuliwa njiani.

Pigo lile lingeweza kuumaliza mtindo wenyewe, kwani ulikuwa na umri wa miaka minne tu. Haukumalizika, na sababu ni ile tuliyokwisha kuitaja: mwalimu alikuwa amewafundisha wengine. Wanafunzi wale watano waliendelea kukata hadibodi na kufungua makopo. Nao wakawafundisha wadogo zao, wajomba na wapwa, na wale wakawafundisha wengine. Walikaa pale pale karibu na Morogoro Stores, chini ya miti, wakichora na kuuza. Kutoka katika mkusanyiko huo, mwaka 1990 kikapatikana chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga, chenye makazi yake hapo hapo Oyster Bay.

Kadiri miaka ilivyopita, wachoraji walijaribu vyombo vipya. Hadibodi ni nzito, na msafiri wa ndege hapendi kubeba mbao. Wakahamia kwenye kitambaa cha pamba kilichokazwa juu ya fremu, ambacho huweza kuvuliwa, kukunjwa kama mkeka na kutiwa ndani ya sanduku. Walichora juu ya sinia, sahani za bati, masanduku ya mbao na hata milango. Mnyama mmoja wa Tingatinga akawa wanyama wengi, kisha vikaja vijiji vizima, masoko, hospitali, mabasi na mlima Kilimanjaro. Rangi ya mafuta yenye kung'aa lakini haikuachwa, kwani hiyo ndiyo sahihi ya shule yao.

Si yote yaliyokuwa mazuri. Mtindo ulipopendwa, waigaji walijaa kutoka Zanzibar hadi Arusha, na picha nyingi zikawa nakala ya nakala, simba yule yule chini ya mti ule ule, zikichorwa kwa haraka ili zimwahi mtalii. Anayetaka kupima thamani ya kazi hana budi kurudi kwenye mbao za mwanzo, ambako kila doa liliwekwa na mtu aliyekuwa akitafuta njia ambayo bado haikuwapo. Mbao hizo ni chache, kwa kuwa muda aliopewa mwenyewe ulikuwa mfupi, nazo zimeonyeshwa Ulaya na Japani, na wakusanyaji huzitafuta kwa bei ambayo Bibi Agatha, akikaa nje ya duka, asingeweza kuiota. Mwaka 2010 filamu za katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi zilionyeshwa nchi nyingi zikitumia mtindo huo na jina hilo, na watoto wa mbali wakalitamka jina la mtu wa Tunduru bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu.

Askari anayesoma habari hii katika kituo chake ataona mambo mawili ndani yake, na yote mawili yanamhusu. La kwanza ni la mwalimu. Kamanda anayeficha ujuzi wake huondoka nao siku anapoondoka. Anayewafundisha walio chini yake huacha kikosi kinachoweza kuendelea na kazi bila yeye. Tingatinga hakujua kwamba siku zake zilikuwa zimehesabiwa, lakini alitenda kana kwamba anajua, na kwa hiyo kazi yake iliokoka.

La pili ni la silaha. Mtu anayepita mbele ya doria usiku hana alama usoni ya kuonyesha alivyo na thamani gani. Tingatinga alikuwa na nguo za mtu wa kawaida na gari la kawaida, na polisi wale hawakuwa na njia ya kujua kwamba huyo ni mtu ambaye miaka 40 baadaye dunia ingelijua jina lake. Wala haikuhitaji awe mchoraji mashuhuri ili astahili kuulizwa jina kwanza. Mkulima anayerudi kwake amechelewa, fundi wa baiskeli, mwanafunzi, mhudumu wa hospitali aliyetoka zamu, wote wanastahili sauti ya onyo kabla ya kidole kufika kwenye kifyatulio. Wajibu wa mwenye bunduki ni kuhakikisha kwanza, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayeweza kukosea mara moja tu.